Kibao chenye ubishi kwenye jengo la kale: kukiacha, kukifafanua, kukiandika upya au kukiondoa

Mjadala juu ya kibao cha kumbukumbu kilichopigiliwa kwenye jengo la kale karibu kila mara huanza na swali bovu: kiondoke au kibaki? Wanaotaka kibaki wanatetea historia, wanaotaka kiondoke wanataja maumivu, na hakuna anayerudi kusoma maandishi yenyewe neno kwa neno. Njia zilizopo ni sita, si mbili. Zinatofautiana kwa aina ya kasoro ambayo kila moja inaweza kuirekebisha, wala si kwa ukali wake. Kibao chenye tarehe ya uongo hakisahihishwi kwa kubandikiwa msimbo wa QR, na kibao chenye ukweli nusu hakihitaji tindo.

## Kwanza jua ubishi ni wa nini

Upo ubishi wa ukweli: mtu huyo hakuishi hapo, mwaka si huo, au jengo lililopo si lile lililokuwapo. Huu ndio mwepesi kuliko yote kwa sababu una jibu. Chanzo kikubwa cha makosa haya ni namba za nyumba. Miji mingi ilibadilisha namba pale mtaa uliporefushwa au kuunganishwa na mwingine, hivyo namba 12 iliyo kwenye barua ya zamani yaweza kuwa namba 31 ya leo. Chanzo kingine ni ujenzi mpya: anwani ni ileile, nyumba ilishabomolewa na kujengwa tena, na kibao bado kinadai "katika nyumba hii".

Kabla ya kusahihisha, tafuta hati ya umiliki, daftari la kodi ya majengo, kitabu cha anwani cha mwaka husika, na ramani za mtaa za kabla na baada ya namba kubadilishwa. Kumbukumbu mbili za wakati uleule ambazo hazikunakiliana zinatosha. Vitabu vya watalii havitoshi hata vikiwa kumi, kwa kuwa mara nyingi kitabu kilinakili kibao, kisha kibao kikaja kutetewa kwa kitabu.

Nyumba ya Betsy Ross iliyo mtaa wa Arch, Philadelphia, inaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kubaki njia panda. Habari kwamba alishona bendera ya kwanza ya Marekani ilitangazwa na mjukuu wake mwaka 1870, karibu karne nzima baada ya tukio lenyewe, na wanaohoji hawaishii kwenye bendera: wanauliza pia kama aliishi nyumba hiyo au ya jirani. Penye hali kama hiyo maandishi ya haki ni "kwa mujibu wa simulizi la ukoo wake". Huko si kukwepa. Msomaji anaambiwa habari imetoka wapi, naye ataamua.

Ukweli nusu ni jambo jingine. Kila neno ni sahihi, ila lililoachwa ndilo kubwa: "mfadhili wa shule na hospitali", bila kutaja kwamba fedha zilitokana na kuuza watu. Hapa nyaraka hazimalizi ugomvi, maana hakuna anayekanusha kilichoandikwa. Kisha ipo sifa, ambapo kibao hakielezi bali kinatukuza, na kinachochoma ni utukufu wenyewe.

Mwisho kuna ubishi wa neno moja linalobeba hukumu. Mjini Milan, kwenye uwanja wa Piazza Fontana, yapo mawe mawili ya kumbukumbu ya Giuseppe Pinelli, mwanaharakati aliyekufa baada ya kuanguka kutoka dirisha la makao makuu ya polisi Desemba 1969. Moja linasema aliuawa akiwa hana hatia. Jingine, lililowekwa na manispaa mwaka 2006, linasema alikufa kifo cha kusikitisha akiwa hana hatia. Manispaa ililiondoa lile la kwanza usiku na kuweka la kwake, wenzake Pinelli wakalirudisha la zamani, na sasa yanasimama ubavu kwa ubavu. Hakuna fundi wala mwanahistoria wa kumaliza ubishi wa namna hiyo. Pengine mawe mawili ndiyo maelezo ya kweli kuliko jiwe lolote moja ambalo lingekubaliwa na kila upande.

Kibao kimoja kinaweza kuwa na kasoro mbili au tatu kwa pamoja. Chagua njia kwa kuangalia iliyo nzito zaidi. Nyepesi mara nyingi hutibika humohumo.

## Kukiacha kama kilivyo

Njia hii hudharauliwa, lakini inafaa pale wataalamu wenyewe hawajakubaliana, au kosa ni dogo na jengo ni laini kiasi kwamba kila tundu jipya ni hasara. Mara nyingine ndiyo pekee inayoruhusiwa kisheria. Nchini Uingereza, kibao cha Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza kusini mwa Afrika, kilichopo mtaa wa King Edward, Oxford, kiliingizwa mwaka 2022 kwenye orodha ya urithi unaolindwa. Kuanzia hapo kibao chenyewe kina ulinzi wake, mbali na ukuta kilipowekwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mamlaka ya mambo ya kale liwe hili: kinacholindwa ni jengo tu, au na kibao? Ukiuliza baada ya kuleta ngazi umechelewa.

Kuacha bila kazi yoyote ni uzembe tu. Piga picha ya mbele na ya pembeni ukiweka rula ndani ya picha, nakili maandishi yote pamoja na makosa yake ya tahajia, andika sababu za uamuzi na tarehe ya kuupitia upya. Miaka mitano ni muda wa kutosha. Bila karatasi hiyo, kamati itakayofuata itaanza ugomvi upya kutoka sifuri.

## Kibao cha pili pembeni

Ndiyo njia inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa kuliko zote.

Inafaa hasa kwa ukweli nusu. Mwaka 2020 mji wa Bordeaux uliweka vibao vya maelezo kwenye mitaa yenye majina ya familia zilizohusika na biashara ya watumwa, bila kubadilisha majina. Mwaka 2021 chuo cha Oriel, Oxford, kiliweka maelezo karibu na jengo lenye sanamu ya Rhodes, kikimtaja kwamba alikuwa mkoloni aliyejitoa kwa kazi hiyo. Ujerumani suala kama hili lilifika hadi mahakama ya juu kabisa ya kesi za madai. Kwenye ukuta wa kanisa la mji wa Wittenberg upo mchongo wa karne ya 13 unaowatukana Wayahudi, na mwaka 1988 bamba la kumbukumbu liliwekwa chini yake, ardhini. Tarehe 14 Juni 2022 majaji waliamua mchongo unaweza kubaki. Hoja yao ilikuwa kwamba ukiwa peke yake ni tusi, lakini bamba la chini pamoja na kibao cha maelezo vimeugeuza kuwa kumbukumbu ya onyo. Uamuzi huo haukumridhisha kila mtu, ila unaonyesha uzito ambao maandishi ya nyongeza yanaweza kuubeba.

Yanaubeba yakisomwa. Kasoro ya kwanza ya vibao vya pili ni mahali: cha zamani kiko mita 3.5 juu ya mlango, kipya kiko kwenye kona ya ukuta, usawa wa goti, nyuma ya pipa la taka. Mtu anayepiga picha ya cha kwanza lazima akipate na cha pili katika picha hiyohiyo. Kama cha zamani kiko usawa wa macho, weka kipya ndani ya mita 1 kutoka ukingo wake. Kama kiko juu sana, weka kipya chini yake wima, katikati yake iwe mita 1.4 hadi 1.5 kutoka ardhini, na maneno ya kwanza yaelekeze juu: "Maandishi yaliyo juu ya mlango huu yaliwekwa mwaka..."

Kasoro ya pili ni kutoa tamko la kujitenga badala ya maelezo. New Orleans ulikuwapo mnara wa mwaka 1891 wa kuwasifu wazungu waliopigana na polisi wa mji mwaka 1874, na mwaka 1932 uliongezewa maandishi yaliyosifu wazi utawala wa wazungu. Mwaka 1974 manispaa iliweka kibao kusema kwamba fikra hizo zinapingana na imani za wakazi wa sasa. Msomaji akabaki anajua manispaa haipendi maandishi hayo, asijue ni nani aliuawa na kwa nini. Mwaka 1993 mnara ulihamishwa na kupewa maandishi mapya ya kuwakumbuka waliokufa pande zote mbili. Mwaka 2017 ukaondolewa kabisa. Kitu kimoja kikapitia njia tatu za ulinganisho huu ndani ya miaka 43.

Kasoro ya tatu ni kuandika kwa kura. Bristol, kwenye sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, maneno ya kibao cha pili yalitungwa mwaka 2018, yakabishaniwa, yakalainishwa, na mwaka 2019 meya akasimamisha uwekaji kwa kuona maneno yaliyobaki hayakubaliki. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliiangusha sanamu ile, na mpaka siku hiyo maandishi ya mwaka 1895 ya kumsifu yalikuwa hayajapata mwenzake rasmi. Mweke mwandishi mmoja na wahakiki wawili wa ukweli. Wadau watoe maoni kwa maandishi mara moja tu, kabla ya tarehe iliyotangazwa. Rasimu ikizunguka mara nne hutoka haina kitenzi kinachomtaja mtendaji: watu "walipelekwa", mali "ilipatikana".

## Kukiandika upya

Kama ukweli umekosewa na ushahidi upo, badilisha. Kuacha tarehe ya uongo kisha kuweka pembeni kibao cha kuikanusha ni kumsumbua msomaji bila sababu.

Bamba jipya lifanywe kubwa kuliko la zamani kwa milimita 15 hadi 20 kila upande, kwa kuwa ukuta uliofunikwa miaka mingi una rangi tofauti na kivuli hicho kitaonekana. Tumia matundu yaleyale kama bado ni mazima. Usikubali fundi asage herufi za bamba la zamani na kuchonga nyingine juu yake: shaba iliyosubiwa, yaani iliyoyeyushwa na kumiminwa, ina unene usio sawa, herufi za kwanza huendelea kuonekana kama makovu jua likilala, na ushahidi wa kilichokuwapo unapotea. Bamba la zamani liende kwenye nyaraka, na jipya liseme chini kwa herufi ndogo: "Maandishi ya awali yaliwekwa mwaka fulani, yakasahihishwa mwaka fulani." Mstari huo mmoja huzima tuhuma za kufuta historia kuliko mkutano wowote na waandishi wa habari.

Njia hii haifai kwa sifa. Ukibadilisha "shujaa" kuwa "mfanyabiashara" umelainisha kibao bila kumaliza ugomvi, na zaidi ya hapo umeficha kwamba watu wa wakati fulani walimwita shujaa. Wala usibadilishe usiku. Milan inatosha kuwa onyo: kilichobadilishwa kwa siri hurudishwa hadharani.

## Kukiondoa

Kuondoa kunafaa pale kibao chenyewe ni dai la uongo lenye kukusudia, au sifa inayodhalilisha watu wanaolazimika kupita chini yake kupata huduma. Mahali ni sehemu ya hoja. Kibao cha aina ileile kwenye ghala lililofungwa na kwenye mlango wa mahakama havina uzito sawa.

Mfano ulio safi ni wa bunge la jimbo la Texas, mjini Austin. Mwaka 1959 liliwekwa humo bamba lililodai kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe havikuwa uasi wala chanzo chake hakikuwa kulinda utumwa. Tamko la Texas lenyewe la mwaka 1861, la kueleza sababu za kujitenga, linataja utumwa waziwazi. Kibao cha pili hapo kingekuwa na kazi gani? Kingeandika "hapo juu ni uongo". Bamba liliondolewa Januari 2019.

Usiguse nati kabla ya kuwa na barua ya makumbusho au hifadhi ya nyaraka inayokubali kupokea, ikitaja kama ni zawadi au ni amana. Vibao vingi vilivyotolewa "kwa muda" vimeishia stoo ya manispaa bila lebo, na baada ya miaka kadhaa hakuna anayejua vilitoka ukuta gani. Ambatanisha picha, vipimo, uzito, mchoro wa matundu na nakala ya uamuzi.

Kazi yenyewe huharibika kwa haraka. Vibao vya zamani vilishikwa kwa pini zilizosimikwa kwa madini ya risasi au saruji, na ukitia tindo nyuma ya bamba jiwe hutoka nalo. Kwanza tafuta kama kuna skrubu zilizofichwa chini ya vifuniko vya mapambo. Kama zipo, zilainishe kwa mafuta ya kufungulia kutu usiku mzima. Kama hazipo, pitisha msumeno mwembamba wa chuma kati ya bamba na ukuta ukate pini moja baada ya nyingine, bamba likiwa limeshikwa kwa kamba kutoka juu. Masalia ya pini za chuma cha kawaida yatolewe kwa keekee ya kutoboa mviringo, kwani yakibaki yatashika kutu na kupasua jiwe. Matundu yazibwe kwa chokaa na mchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, kamwe si saruji kwenye ukuta wa chokaa: saruji ni ngumu kuliko jiwe linaloizunguka na huzuia unyevu kutoka, hivyo jiwe ndilo linalomomonyoka.

Acha alama. Kibati kidogo cha kusema kilichokuwapo, tangu lini hadi lini, na kiko wapi sasa kinatosha.

## Ardhini badala ya ukutani

Wakati mwingine kinachokosekana ukutani ni majina ya waliodhulumiwa, na mwenye jengo hataki kuguswa kwa ukuta wake. Mradi wa Stolpersteine wa msanii Gunter Demnig, ulioanza Ujerumani miaka ya 1990, huweka vijiwe vya sentimita 10 kwa 10 vyenye uso wa shaba ya manjano kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba za mwisho za wahanga wa Wanazi. Kufikia mwaka 2023 vilikuwa vimefika 100,000 katika nchi nyingi za Ulaya. Ruhusa inatoka kwa mwenye barabara, si kwa mwenye nyumba.

Munich ilikataa vijiwe hivyo kwenye ardhi ya umma, hoja mojawapo ikiwa kwamba majina ya waliouawa yangekanyagwa, na badala yake ikachagua mabamba ya ukutani na nguzo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa: waulizeni jamaa za wanaokumbukwa kabla ya kuamua kwa niaba yao. Kiufundi, uso wa sentimita 10 unabeba jina na tarehe tu, maelezo hayaingii, na shaba ya manjano huwa nyeusi isipong'arishwa. Kama mtaa una mpango wa kuchimbuliwa kupitisha mabomba, subirini.

## Msimbo wa QR

Ni nyongeza ya njia nyingine, si njia inayojitosheleza. Anayepita hatoi simu mfukoni kuthibitisha kibao ambacho hajui kama kina kasoro.

Ukiutumia, ukubwa wake uwe moja ya kumi ya umbali wa msomaji: mita 1 inataka msimbo wa milimita 100. Usichongwe kwenye shaba, kwa sababu shaba ikishaiva rangi hakuna tofauti ya giza na mwanga ambayo kamera inahitaji. Uchapwe kwenye bati la enameli (chuma kilichopakwa tabaka la kioo na kuchomwa), nyeusi juu ya nyeupe, ukiachiwa nafasi tupu kuuzunguka. Anwani iwe fupi, ya tovuti ambayo taasisi inaimiliki yenyewe, na iwe ya kuelekeza kwingine ili ukurasa ukihama msimbo usife. Kagua kila miezi mitatu kama kuna mtu aliyebandika msimbo wake juu ya wenu; matapeli wanaijua njia hiyo.

## Bamba la kitu gani

Kwa kibao chenye ubishi sifa kuu ya bamba ni kwamba linaweza kutolewa bila kuumiza ukuta. Kudumu miaka mia ni jambo la pili, kwa kuwa huenda maneno yakabadilika mapema kuliko hapo. Uzito hapa chini ni wa bamba la milimita 400 kwa 300.

| Aina | Unene na uzito | Kinachoharibika kwanza | Kufaa kwa maandishi ya mgogoro |
|---|---|---|---|
| Shaba ya kusubu | mm 10, karibu kilo 10.5 | Maji ya mvua huchuruza rangi ya kijani kwenye jiwe jeupe. Huibiwa na wauza vyuma chakavu | Ya kati: imara, ila kosa la neno moja ni kusubu upya |
| Alumini ya kusubu | mm 10, karibu kilo 3.2 | Rangi huchubuka kingoni. Hulika ikifungwa kwa bolti za shaba | Nzuri kwa kuta laini |
| Bati la enameli | mm 2, karibu kilo 1.9 | Enameli hupasuka penye skrubu iliyokazwa mno, kutu ikaingia | Nzuri sana: herufi kali, rangi haipauki, nyepesi kubadilisha |
| Graniti au sleti | mm 30, karibu kilo 10 | Kona huvunjika wakati wa kufunga | Ya mwisho: iwe maneno yameshakubalika kabisa |
| Marumaru | mm 30, karibu kilo 10 | Mvua yenye asidi hula herufi nyembamba | Ndani ya jengo tu |
| Plastiki ya akriliki | mm 5 | Jua huifanya kuwa na nyufa ndogo na ukungu | Kwa muda tu |

Vibao vya bluu vya London, mpango ulioanza mwaka 1866, ni vya kauri, kipenyo milimita 495 na unene milimita 50, navyo huzamishwa ndani ya ukuta. Vinapendeza na vinadumu. Kwa maneno yenye ubishi usiviige, maana kukitoa kimoja ni kuvunja ukuta. Kinachofaa kuigwa ni masharti yake: mtu awe amefariki angalau miaka 20, na jengo alilohusika nalo liwe bado lipo. Masharti hayo mawili yangezuia sehemu kubwa ya ubishi kabla haujaanza.

## Kufunga

Tumia skrubu au bolti za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, milimita 6 hadi 8, zikiingia ukutani milimita 75 kwa jiwe gumu na 100 kwa jiwe laini. Chuma cha kawaida usikiguse: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na ndiyo inayopasua kona za mawe. Toboa kwenye kiungio cha chokaa kati ya mawe au matofali, si kwenye uso wa jiwe, hata kama hilo litalazimisha matundu ya bamba yasilingane vizuri. Pima viungio kwanza, ndipo uagize bamba. Mafundi wengi hufanya kinyume. Bolti za kutanuka hupasua matumbawe na matofali ya zamani, kwa hiyo simika kwa chokaa au kwa gundi ndani ya soksi ya wavu ili isimwagike kwenye mwanya.

Kati ya bamba na ukuta weka washa za nailoni za milimita 5 hadi 10 ili hewa ipite. Bamba lililogandana na ukuta hushika unyevu nyuma yake, na lipu huanza kuvimba kuanzia ukingo wa chini. Kaza kwa mkono, si kwa mashine.

## Nafasi ya maneno

Herufi ya milimita 25 husomeka kwa raha kutoka mita 3. Kwa kibao cha maelezo kinachosomwa kutoka mita 1.5, herufi za milimita 12 zinatosha. Kwa ukubwa huo bamba la milimita 400 kwa 300 linabeba mistari kama 10, maneno karibu 60 ya Kiswahili. Ukitaka maneno 100 utalazimika kushusha herufi hadi milimita 8, na wazee hawatasoma. Ni afadhali kupunguza maneno.

Lugha ya pili hula nusu ya nafasi, kwa hiyo ihesabiwe tangu mwanzo. Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, wa mwaka 1927, una Kiingereza na Kiswahili, nacho Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi. Waliouweka waliwapangia nafasi wasomaji wa aina tatu. Lugha zote ziwe na ukubwa mmoja wa herufi na maudhui yaleyale. Tafsiri iliyolainishwa upande mmoja hugunduliwa ndani ya wiki, na ugomvi mpya huzaliwa.

Mpangilio unaofanya kazi kwa maneno 60 ni huu: sentensi ya kwanza inasema kibao cha zamani kiliwekwa na nani na lini, ya pili inasema kilichoachwa, pamoja na mtendaji na idadi ikiwa idadi ina ushahidi, ya tatu inataja waliotendewa kwa jina la jamii yao au, ikiwezekana, majina yao, ya nne inataja taasisi iliyoandika na mwaka. Vivumishi vya lawama viache. "Alisafirisha watu 200 kuwauza" ina uzito kuliko "mkatili", na haina wakili anayeweza kuipinga kama daftari la meli lipo.

## Ukibanwa uchague leo

Kasoro ni ya ukweli na una kumbukumbu mbili: andika upya. Ni ya ukweli na huna: acha, na kama mamlaka inaruhusu ongeza mstari wa "kwa mujibu wa simulizi". Ukweli ni nusu: kibao cha pili, bati la enameli, ndani ya picha moja. Sifa iliyo mahali pasipo na lazima ya kupita: kibao cha pili. Sifa au uongo wa makusudi kwenye mlango wa huduma ya umma: ondoa, kwa barua ya makumbusho mkononi. Ubishi ni wa neno moja na kila upande una watu walio hai: msilazimishe kibao kimoja, toeni nafasi ya viwili, na kila kimoja kitaje aliyekiweka.

Kama ruhusa ya ukutani imekataliwa na hasira ni kubwa, nguzo ya maelezo kwenye njia ya miguu inaweza kusimama kabla rufaa haijasikilizwa. Ombi la nguzo hiyo liende siku moja na rufaa, kwa barua mbili tofauti, maana yakiwa kwenye barua moja hukataliwa kwa pamoja.